Kapeti lako bado lina sabuni ya mwezi uliopita

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za saa hizi. Akina baba nawaona pale nyuma, safi sana, sogeeni mbele maana soda kwenye kapeti mara nyingi mnamwaga nyie mkiangalia mpira.

Mimi nafua makapeti hapa Dar, ndo kazi yangu. Hili la leo nimeshalisema kwenye vikoba, nimelisema kwenye vikao vya harusi, kuna watu humu wamelisikia mpaka wamelichoka na bado nikienda kwao nakuta hali ni ile ile. Kinachomaliza makapeti yetu ni sabuni. Uchafu upo, sikatai, ila uchafu unatoka. Sabuni mnaiweka wenyewe halafu hamuitoi.

Kuna mama mmoja aliniita Segerea, kapeti la manyoya futi sita kwa tisa, rangi ya maziwa. Kanipokea kwa hasira, mwanangu hili kapeti nalifua kila wikiendi na ikifika Jumatano limeshakuwa jeusi, wameniuzia feki Kariakoo. Nikamwambia mama naomba ndoo ya maji na brashi. Akamtuma binti alete na sabuni ya unga, nikasema hapana, maji matupu. Nikamwaga kwenye kona moja nikasugua kidogo tu. Povu! Povu jeupe limesimama, na kwenye ndoo hakuna hata punje ya sabuni, mama mwenyewe kashuhudia akichota. Nikamuuliza hili povu limetoka wapi mama? Kanyamaza. Nikamwaga tena, povu. Basi tukaanza, dumu kwa dumu, binti anachota mie nasukuma kwa ule mpira wa mpini, jirani kachungulia ukutani akaishia kuingia kabisa, na maji yanatoka rangi ya chai ya rangi na povu juu yake halikatiki. Mpaka jua limefika utosini ndo maji yakaanza kutoka meupe. Yani ile sabuni ya kila wikiendi ilikuwa imekaa mle ndani inasubiriana. Na kapeti lilikuwa zima kabisa, huyo muuzaji wa Kariakoo alikuwa hana kosa.

Sasa sikilizeni kwa nini linakuwa jeusi haraka. Sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ndo maana inang'oa uchafu, inaushika huku maji yanauvuta kule unaondoka nao. Ila maji yasipoondoka, ile sabuni inabaki kwenye nyuzi na inakauka ikiwa na unatonato, na haijaacha kazi yake ya kushika. Mguu ukipita inashika, vumbi la barabarani likiingia dirishani inashika. Ndo maana kapeti lililofuliwa vibaya linachafuka upesi kuliko lile ambalo halijafuliwa kabisa, na wewe ukiona jeusi unaongeza sabuni, wiki ijayo unaongeza tena.

Utaniambia mbona nguo nafulia sabuni hiyo hiyo na haina shida. Nguo unaisuuza mara ngapi? Mara mbili, mara tatu, unaikamua, maji yakiwa na povu unamwaga unachota mengine. Kapeti ni nene mara kumi ya nguo, hulikamui, na unalimwagia ndoo moja unasema tayari! Hizi sabuni za unga za kufulia kwa mkono zimetengenezwa zitoe povu jingi maana mteja anapenda kuliona, na povu jingi maana yake maji mengi ya kulitoa.

Mwingine atasema mbona langu linanukia vizuri. Dada yangu, ukisikia harufu ya sabuni baada ya kapeti kukauka, hiyo ndo sabuni yenyewe ambayo haijatoka.

Na yule wa kusema sisi kwetu viatu vinabaki mlangoni. Vizuri, endeleeni, mchanga wa Dar ni mkali unakata nyuzi kwenye shina. Lakini mtu katoka kuoga kajipaka mafuta mpaka nyayoni halafu anapita moja kwa moja kwenye kapeti, hayo mafuta yanaenda wapi? Vaa ndala za ndani, au subiri yakauke.

Kwa hiyo tufanyeje. Kwanza vumbi litoke likiwa kavu. Likung'ute, ligeuze upige mgongoni, kama una mashine ya kuvuta vumbi pita taratibu, sio unakimbiza kama unachelewa mwendokasi. Usimwagie maji kapeti lenye mchanga, utatengeneza tope. Halafu sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji. Kijiko cha chai, mmenisikia, sio kikombe! Sugua kufuata manyoya yanakolalia, kisha suuza, suuza, sukuma maji kwa mpira, suuza tena. Na kipimo ni hiki, kinga yale maji ya mwisho yanayotoka, tia kwenye chupa ya maji ya kunywa, tikisa. Povu likikaa juu bado hujamaliza.

Najua kuna mtu anasema maji yenyewe nanunua kwa dumu. Naelewa kabisa. Basi usilifue! Nani kasema kapeti lifuliwe kila wikiendi? Likung'ute kila wiki, doa likimwagika lishughulikie hapo hapo, gandamiza kitambaa kikavu kinyonye, usisugue maana unalisukuma chini na kulitanua. Damu maji ya baridi tu, ya moto yanaigandisha. Ukifanya hivo kufua mara moja au mbili kwa mwaka kunatosha, na hizo mara mbili una uwezo wa kununua maji ya kutosha ukasuuza sawasawa.

Kukausha ndo kwenye balaa lingine. Hewa ya Dar unyevu wake mara nyingi uko juu ya asilimia 70, na kapeti likibaki bichi siku moja au mbili ukungu umeshaanza. Halafu kuna wale wadudu wa vumbi, hata nusu milimita hawafiki, wanakula ngozi iliyopukutika mwilini mwetu, na maji hawanywi, wananyonya unyevu wa hewani. Hawaumi. Ni kinyesi chao ndo kinachoamsha pumu na mafua ya asubuhi yasiyoisha. Mtoto anapiga chafya kila akikaa sebuleni mnamnunulia dawa, na kapeti chini bichi tangu juzi.

Usifue masika. Fua Januari, Februari, au kuanzia Juni kile kipindi cha kipupwe, na anza asubuhi na mapema. Lining'inize ukutani au kwenye bomba hewa ipite pande zote, usilitandaze kwenye pevingi, chini halikauki. Likirudi ndani washa feni na lishike mgongoni kabla hujatandika, juu pakavu hapakwambii kitu.

Na hili wengi hawalijui, makapeti mengi mgongoni yana nyuzi za juti, zile za magunia. Zikikaa na maji muda mrefu zinatoa rangi ya kahawia inapanda mpaka juu, unaona madoa kama ya chai unasema bado chafu, unalifua tena, yanazidi. Dawa yake ni ukimaliza kusuuza uyasukume maji yote yatoke, na kukausha haraka.

Naoneshwa saa hapa. Marumaru nayo ni yale yale, ukideki na sabuni nyingi bila kurudia kwa maji safi sakafu inanata, nyayo zinaonekana. Tumia ndoo mbili. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi pitisha tambara kavu mwishoni, ile meupe meupe ni chumvi imebaki. Wenye terazo msiguse ndimu, siki wala dawa ya choo, mle ndani kuna chembe za mawe ya marumaru halisi na asidi inazila, ung'avu ukienda haurudi mpaka fundi aje na mashine. Mikeka nilitaka niiseme, basi tena.

Jiki siiachi. Zulia la sufu usilitie jiki, inaila sufu mpaka inayeyuka. Na hata siku moja usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi ili sakafu itakate zaidi, inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu, na wengi wanafanya hivi kwenye bafu dogo mlango umefungwa. Ukisikia harufu kali imekushika koo toka nje, toa watoto, fungua milango, usirudi kumalizia kudeki. Ukibanwa kifua nenda hospitali na uwaambie ulichanganya nini na nini.

Haya, nani alinyoosha mkono?