Barua za Addie alizotunza Rebecca

Wengine mmeshanisikia nikimtaja Addie Brown, na leo narudi kwake tena. Kila tukizungumza urafiki na uchumba katika barua za Marekani ya karne ya 19, watu wanataka kuanza na marais. Mimi naanza na mtumishi wa ndani.

Addie alikuwa Mmarekani Mweusi aliyezaliwa huru. Alifanya kazi za utumishi Hartford na Farmington, katika jimbo la Connecticut, na New York. Tangu mwaka 1859 hadi 1868 alimwandikia rafiki yake Rebecca Primus, na barua zaidi ya 100 zipo hadi leo. Rebecca alikuwa binti wa familia yenye nyumba yake Hartford, mwalimu. Mwaka 1865, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha, alikwenda Royal Oak, Maryland, kuwafundisha watu waliotoka utumwani. Sisi tunasema waraka ni nusu ya kuonana. Kwa Addie ulikuwa zaidi ya nusu: humo mna ujira wake, vitabu alivyosoma, wanaume waliomtaka, na busu za wengine zisizofikia za Rebecca.

Hapo ndipo mikono inapoinuka: "Mwalimu, hiyo si lugha ya zama zile tu?" Ndiyo, wanawake wa wakati ule waliandikiana kwa mahaba, na hata wanaume. Lakini msomeni Addie kabla ya kumjibia! Mwenyewe anasimulia kwamba mama yake Rebecca alisema, kama mmoja wao angekuwa mwanamume, wangeoana. Mama mtu aliliona, akalisema wazi, na maisha yakaendelea. Mwaka 1868 Addie akaolewa na Joseph Tines. Kwa nini sisi tuwe na haraka ya kuwabandika jina ambalo wao hawakulitafuta?

Linaloniuma ni lingine. Barua za Rebecca kwa Addie hazipo. Addie alihama nyumba ya tajiri huyu hadi ya yule, akafa mwaka 1870 hajatimiza miaka 30. Rebecca aliishi hadi 1932, na miaka yote hiyo, zaidi ya 60, alizitunza barua za mwenzake. Asingezitunza, nani angejua kwamba Addie aliwahi kupenda?

Na posta, kwa ufupi. Kabla ya 1845, karatasi moja kwenda zaidi ya maili 400 ililipiwa senti 25. Kufikia miaka ya Addie ni senti 3. Mtumishi akaweza kuandika.

Muda umenibana, na katika marais Abraham Lincoln sijamgusa. Basi hili moja tu: Oktoba 1842, kabla hajawa rais, alimwandikia rafiki yake Joshua Speed, aliyeoa Februari, akamuuliza kama sasa moyo wake nao, si akili pekee, unaifurahia ndoa. Akamsihi ajibu upesi. Tarehe 4 Novemba, Lincoln naye akaoa.