Salamu Isiyongoja Jibu

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea hoteli na utalii: wamo humu walionisikia nikilisema jambo hili mara nyingi: hoteli zinazojivika hadithi ya mahali pengine huazima maneno ya watu, lakini haziwaachi watu wenyewe waongee na mgeni. Nawaomba radhi, lakini sitayabadilisha maneno yangu kabla hoteli zenyewe hazijabadilika.

Nianze na swali jepesi. Mtu akikuuliza kama hujambo, unamjibu kwamba hujambo; akikupa shikamoo, unampa marahaba, na ukimnyima atakwenda kukusema mtaa mzima. Salamu ya Kiswahili ni kamba ya watu wawili. Sasa, mwaka 2001 kampuni ya Disney ilifungua huko Florida, Marekani, jirani na bustani yake ya burudani ya Animal Kingdom, hoteli ya Animal Kingdom Lodge, na jengo lake la kwanza leo linaitwa Jambo House. Ni "jambo" tupu, bila "hu" wala "si", kama kamba iliyoshikwa upande mmoja.

Sisemi kwamba hoteli ile ni mbaya, na anayesema hivyo hajalala pale. Mbunifu Peter Dominick alilipinda jengo mfano wa boma la mifugo, likaizunguka nyika yenye wanyama, ili vyumba vingi vitazame ndani. Alfajiri ya kwanza nilitoka roshani na kanga yangu begani na kikombe cha chai mkononi, nikamkuta twiga chini yangu akinyofoa majani huku masikio yakicheza. Nilisimama pale hadi chai ikapoa. Mimi niliyezaliwa Tanzania na kuzeekea Tanzania, ilinibidi nivuke bahari ili ninywe chai na twiga! Huo ndio utamu wa hoteli za aina hii: bustani ya burudani ikifunga milango jioni, wewe hutolewi nje, unaendelea kuwa ndani ya hadithi hata ukiwa umevaa kandambili. Na twiga yule hakuwa wa kuigiza, tofauti na mibuyu ya zege iliyomo katika bustani jirani.

Tatizo linaanza pale unapoyasoma maandishi. Mkahawa mmoja unaitwa Boma, neno ambalo kwa wazee wetu wengi ni mahali pa kwenda kulipa kodi ya serikali. Mwingine unaitwa Jiko, na watu huingia humo wamevaa vizuri wakiwa na miadi ya meza. Jengo la pili, la mwaka 2009, ni Kidani Village. Mjukuu wangu alizunguka siku nzima akilitafuta hilo pambo la shingoni. Katika bustani yenyewe kuna mji wa kubuni wenye sura ya Lamu, kuta zake zimechubuliwa makusudi zionekane za kale, nao unaitwa Harambe. Wakenya waliomo humu wataniambia ile "e" ya pili ilipotelea wapi. Maneno yetu yametundikwa pale kama vinyago ukutani: yanapendeza, lakini hayasemi na mtu.

Najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu kila mwaka mnaniuliza: mbona hata hoteli zetu za pwani zinaezekwa makuti kwa ajili ya wageni, ilhali sisi wenyewe tunalala chini ya mabati? Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nawasemesha ninyi, siwasemeshi watu wa Florida.

Sikilizeni kilichonitokea usiku wa pili. Kando ya moto wa nje alikuwapo kijana mfanyakazi, na kibandiko kifuani mwake kilionyesha kwamba ametoka Botswana. Alinitupia "jambo" aliyofundishwa, nami nikammiminia Kiswahili cha nyumbani, maskini, akabaki ananitazama. Tukacheka. Akaniambia kwao wanasalimiana "dumela, mma", yaani mama, nami nimjibu "dumela, rra", yaani bwana. Nilipomjibu, uso wake ulibadilika. Akakaa, akanisimulia ng'ombe wa babu yake, rangi zao, na yule mmoja mkorofi aliyeng'ang'ania kupita nje ya zizi. Moto ulififia tukiwa tunazungumza. Siku ile, katika hoteli nzima iliyojaa sanaa ya bara zima, hakuna kitu kilichonipeleka Afrika isipokuwa ng'ombe yule mkorofi, ambaye hayumo katika mchoro wa mbunifu yeyote.

Disney hiyohiyo ilijaribu kuifanya hoteli ijibu. Machi 2022 ilifungua Star Wars: Galactic Starcruiser, hoteli ya hadithi za filamu za angani za Star Wars, yenye vyumba 100 visivyo na dirisha la kweli, pa dirisha paliwekwa skrini inayoonyesha nyota. Mgeni alikuwa abiria wa chombo cha angani kwa usiku 2, waigizaji wakimfuata na kumpa siri na kazi. Huko walau ulijibiwa! Lakini watu wawili walilipa karibu dola 4,800, bwawa la kuogelea halikuwapo, na Septemba 2023 ikafungwa. Wengi hulaumu bei. Mimi naona bei ilitokana na jambo lenyewe: kumlipa mwigizaji akujibu kutwa nzima ni ghali, na uti wa hadithi ukiwa uleule kila safari, nani alipe mara ya pili? Kijana wa Botswana hakuhitaji kuandikiwa la kusema. Alihitaji tu kuruhusiwa kukaa.

Kwa hiyo mtakapokuwa mameneja, msimfundishe Mmakonde kusema "hakuna matata". Mwacheni amsalimie mgeni kwa Kimakonde, na mgeni afundishwe kujibu.

Nilitaka kuwaeleza pia habari za Matamba, hoteli ya bustani ya burudani ya Phantasialand huko Ujerumani iliyovaa sura ya Afrika tangu 2008, na MiraCosta, hoteli ya bustani ya Tokyo DisneySea huko Japani, iliyojengwa ndani ya bustani yenyewe, lakini naona Mwenyekiti ameshaitazama saa mara tatu. Wenye maswali wanyooshe mikono, na kila mmoja aanze kwa kunisalimia.