Usinunue PDF ya Prompti Kabla ya Kuzijaribu Tatu

Karibuni wadau, hapa Mtwara mjini. Umetumiwa kwenye grupu PDF ya "prompti 1,000 za biashara", muuzaji anataka elfu tano. Prompti mnazijua, ni yale maelezo unayoiandikia ChatGPT, Gemini au Claude ikufanyie kazi. Tuone kama hizo zinafaa.

Hela kaa nayo kwanza. Fungua prompts.chat, ni bure. Mkusanyiko huo ulianza Desemba 2022, ChatGPT ikiwa imetoka tarehe 30 Novemba tu, na leseni yake ni CC0: unakopi, unabadilisha, hata kuuza unauza bila kuomba ruhusa. Sasa chukua sentensi moja ya kwenye PDF, itafute humo. Ikitokea neno kwa neno, unauziwa maji ya bahari nawe unakaa Shangani.

Haijatokea? Soma kumi za mwanzo. Kama ni "wewe ni mwanasheria", "wewe ni mhasibu", "wewe ni mshauri", na kinachobadilika ni kazi peke yake, hapo una prompti moja, siyo kumi. Na ile "mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka 20" haiongezi maarifa yoyote, inabadilisha lugha ya jibu basi. Mimi nikiiona mara tatu mfululizo nafunga faili. Prompti nzuri ina sehemu za kujaza, huwa kwenye mabano: bidhaa, kipimo, bei, mteja ni nani, jibu liwe refu kiasi gani. Inataja pia ni ya chombo kipi. Ukikuta --ar 16:9 mwishoni, hiyo ni ya picha za Midjourney, ukiipeleka kwingine ni herufi tu.

Ngoja, jua la dirishani linapiga kioo... nageuza simu. Mnasoma sasa? Haya.

Chagua tatu zinazohusu kazi yako. Mimi ni korosho, kwa hiyo naanza na ya tangazo. Natoa mabano yote, najaza: korosho zilizobanguliwa, daraja W320, pakiti ya gramu 250, bei yangu, wateja ni wasafiri wa basi la Dar, tangazo la status ya WhatsApp, Kiswahili cha Tanzania, maneno yasiyozidi 40. Ukiacha bano la bei wazi, itakutungia bei, na mteja atakuja nayo dukani.

Hapa nisikilizeni. Kila prompti, mazungumzo mapya. Usiibandike ya pili chini ya ya kwanza! AI inasoma yote yaliyo juu kwenye mazungumzo hayo, kwa hiyo prompti mbovu itaazima bei na maelezo uliyoyajaza mwanzo, itoe jibu zuri, nawe uisifie. Kwenye ChatGPT washa mazungumzo ya muda, maana kumbukumbu yake huwa inavuka kutoka mazungumzo haya kwenda yale.

Halafu rudia prompti ileile mara ya pili. Wapi? Mazungumzo mapya. Majibu hayafanani kila mara. Likija zuri moja na bovu moja, prompti hiyo imelegea, iache.

Sasa kagua jibu kwa kitu unachokijua. W320 ni punje 300 hadi 320 kwa ratili, yaani gramu 454 hivi. Pakiti yangu basi ina kama 165 hadi 176, na msije kunihesabia dukani. Ikikwambia 320 ni gramu, imebuni. Andika maana ya daraja ndani ya prompti yako. Zile za kilimo ndizo zinazochosha zaidi: ratiba imepangwa kwa majira ya Marekani, wakati mkulima wa Newala anataka kujua salfa ya ugonjwa wa ubwiriunga mkorosho ukitoa maua. Futa ratiba yao, weka miezi yako.

Mkusanyiko ukitaka nywila yako ya ChatGPT, toka. Ukitaka uweke kiendelezi, kile kiprogramu cha kuongezea kwenye kivinjari, kinachosoma kila ukurasa unaoufungua, toka vilevile. Na orodha ya malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, yenye simu na akaunti za wakulima haibandikwi popote.

Zikipita mbili kati ya tatu, mpe elfu tano yake. Ikipita moja, mwombe akuuzie hiyo moja. PromptBase, soko la prompti la mtandaoni, wanauza mojamoja, kwa hiyo usione aibu kuomba. Zilizopita zihifadhi kwenye notisi za simu pamoja na jina la chombo na tarehe, kwa sababu chombo kikiboreshwa prompti inaweza kuanza kujibu vingine. Hapo unairudia, kwenye mazungumzo... haya, semeni wenyewe.

Korosho zipo, W240 na W320, pakiti za gramu 250. Wa Lindi na Masasi nawawekea kwenye basi la asubuhi, oda iingie kabla ya saa mbili usiku.