Oracle ikiwashwa, inasoma faili lipi?

Ndugu wasikilizaji, ukiandika amri ya STARTUP, Oracle, programu ya kuendesha hifadhidata, haianzi na data. Inaanza kwa kutafuta faili la vigezo, maana humo ndimo mna jina la hifadhidata, ukubwa wa kumbukumbu ya kutengwa na mahali yalipo mafaili ya udhibiti. Likikosekana, hata NOMOUNT, hatua ya kwanza ya kuwasha, hufiki.

Kwenye Linux msako unafanyika ndani ya $ORACLE_HOME/dbs. Tuseme SID yenu, yaani jina la kuitambulisha Oracle yenu kwenye seva, ni mauzo. Oracle inatafuta spfilemauzo.ora; isipolipata, spfile.ora, ikikosa na hilo, initmauzo.ora. Linalotangulia kupatikana ndilo linalosomwa. Yote matatu yasipokuwepo, mnapata makosa ya ORA-01078 na LRM-00109, na ujumbe unalitaja faili la init, yaani initmauzo.ora. Hapo wengi hupotea: wanahangaika na init ambayo hawajawahi kuitumia, kumbe limetajwa kwa kuwa ni la mwisho kutafutwa. Kaguani kwanza ORACLE_SID, mahali SID inapowekwa. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo MAUZO si mauzo.

Faili la init, ambalo kwenye amri huitwa PFILE, ni maandishi ya kawaida, unalihariri upendavyo. Spfile, iliyokuja na toleo la 9i, ni ya jozi (binary), si maandishi ya kawaida, na seva yenyewe ndiyo inayoiandika. Msiifungue kwa kihariri cha maandishi kama vi mkaihifadhi, mtaiharibu.

Sasa, kabla ya kubadilisha chochote, andikeni SHOW PARAMETER spfile. Thamani ikiwa tupu, mmewasha kwa init. Hili ndilo la kuwa nalo makini zaidi, kwa sababu katika hali hiyo ALTER SYSTEM SET, amri ya kubadilisha kigezo, hubadilisha kumbukumbu peke yake. Amri inapita, kila mtu anaridhika, kisha seva inazimwa miezi kadhaa baadaye na thamani ya zamani inarudi. Ukilazimisha kwa SCOPE=SPFILE badiliko liandikwe kwenye spfile, utajibiwa kosa la ORA-32001. Mkiwa mmewasha kwa spfile, SCOPE usipoitaja ni BOTH: kumbukumbu na faili kwa pamoja.

Lakini si kila kigezo hukubali kubadilishwa mfumo ukiwa unafanya kazi. Tazameni safu ya ISSYS_MODIFIABLE ndani ya V$PARAMETER, orodha ya vigezo vya Oracle. Penye FALSE, kama ilivyo kwa processes, lazima SCOPE=SPFILE kisha uzime na kuwasha; vinginevyo ni ORA-02095.

Na hapa ndipo hatari ilipo: thamani mbaya ya kigezo cha namna hiyo inaweza kukaa kimya ndani ya spfile, ikaja kuonekana siku ya kuwasha, instansi, yaani Oracle inayoendeshwa kwenye kumbukumbu, ikagoma. Msihofu. CREATE PFILE hufanya kazi hata instansi ikiwa imezimwa. Ingieni kama SYSDBA, msimamizi mwenye mamlaka ya juu:

CREATE PFILE='/tmp/rekebisha.ora' FROM SPFILE;

Sahihisheni thamani mbaya ndani ya faili hilo la maandishi, kisha:

STARTUP PFILE='/tmp/rekebisha.ora'
CREATE SPFILE FROM PFILE='/tmp/rekebisha.ora';
SHUTDOWN IMMEDIATE
STARTUP

Amri ya CREATE SPFILE inakubaliwa kwa kuwa instansi haitumii spfile wakati huo. Ingekuwa inaitumia, kuiandika upya kungeleta ORA-32002. Baada ya STARTUP ya mwisho rudieni SHOW PARAMETER spfile. Ikionyesha njia ya faili, mmerudi kwenye spfile, na nakala ya /tmp ihamisheni pengine, kwani saraka hiyo hufutwa.