Jinsi ya kurekodi vipindi vya king'amuzi cha dishi kwenye kompyuta

Habari zenu, karibuni. Leo tunaunganisha king'amuzi na kompyuta ili kipindi unachokitaka kibaki kwenye diski yako, ukitazame saa unayotaka. Mezani nina king'amuzi cha kawaida, waya wa AV, laptopu yenye Windows, na hiki kidude cha USB cha kuingizia picha na sauti kwenye kompyuta, kinachouzwa kwa jina la EasyCap. Kariakoo vimejaa, na walioko Nairobi wapite Luthuli Avenue.

Kuna swali haliishi kuulizwa: kwa nini nisichukue waya unaotoka kwenye dishi nikauchomeka kwenye kompyuta moja kwa moja? Jibu ni kwamba kompyuta haina pa kuupokelea. Kile kichwa kinachotazamana na dishi, yaani LNB, kinapokea mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 na kuyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150, ndipo yaweze kusafiri kwenye waya. Kuyasoma hayo kunataka tyuna ya DVB-S2, yaani kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti. Zipo za kuchomeka kwenye USB, na mimi nazipenda, kwa sababu zinahifadhi picha vilevile ilivyoshuka kutoka angani. Tatizo ni moja: zinaonyesha chaneli za bure tu. Za kulipia zimefungwa, na ufunguo uko ndani ya king'amuzi chako. Kwa hiyo kama shida yako ni mechi au tamthilia iliyo kwenye kifurushi ulicholipia, endelea nami.

Na huo waya wa dishi usiuchomoe wakati king'amuzi kinawaka. King'amuzi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB kupitia waya huohuo. Uzi mmoja wa nje ukigusa ule wa katikati, unaweza kuunguza kitu. Zima kwanza ukutani.

Haya, tugeuze king'amuzi tuone mgongo wake. Hapa kuna tundu la HDMI, na hapa pembeni kuna tundu dogo la mviringo limeandikwa AV. Vingine vina matundu matatu ya rangi: njano, nyeupe na nyekundu. Wengi watakimbilia HDMI kwa sababu picha yake ni kali. Lakini HDMI ya ving'amuzi vya kulipia mara nyingi ina kinga inayoitwa HDCP. Televisheni inaitambua kinga hiyo na kuonyesha picha. Kifaa cha kurekodi kikichomekwa hapo, unapata kioo cheusi au ujumbe wa kukukatalia. Ukishaona hivyo, usiende kununua kifaa kingine cha bei ghali zaidi ukidhani cha kwanza ni kibovu. Tumia AV. Picha itakuwa ya mistari 576, si HD, lakini kwa tamthilia na taarifa ya habari inatosha kabisa. Tena kuna faida: ving'amuzi vingi hutoa HDMI na AV kwa wakati mmoja. Acha HDMI iende kwenye televisheni kama kawaida, AV iende kwenye kompyuta. Familia inatazama sebuleni, wewe unarekodi.

Kumbuka tu kwamba kinachorekodiwa ni kile kilicho kwenye kioo. Mtu akishika rimoti akabadilisha chaneli, na rekodi yako imebadilika. Hata ile orodha ya chaneli ikifunguliwa, itaingia humo.

Sasa waya wa AV, na hapa naomba utulie kidogo maana ndipo wengi wanapokwama. Nausogeza karibu na kamera. Unaona ncha hii? Ina mikanda mitatu myeusi inayoigawa sehemu nne: moja ya picha, mbili za sauti, moja ya ardhi. Shida ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana sehemu ipi ibebe nini. Waya wa kamera ya zamani, waya wa DVD ya gari na waya wa king'amuzi vinaweza kufanana kama pacha, kumbe ndani vimepangwa tofauti. Dalili yake ni hii: picha haitoki, na spika inanguruma mfululizo. Mngurumo huo ndiyo picha yako, imepotea njia ikaingia kwenye sauti. Jaribu kuchomeka plagi nyekundu kwenye tundu la njano, au nyeupe. Picha ikitokea, basi ni rangi tu zimebadilishana, endelea hivyohivyo. Ikikataa kote, inawezekana kilichohama ni ardhi, na hapo hakuna ujanja wa plagi. Tafuta waya uliotoka na king'amuzi chenyewe.

Upande wa pili, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu kwenye EasyCap. Halafu EasyCap kwenye laptopu, moja kwa moja, bila kupitia kigawanyo cha USB. Hivi vidude vina sura moja lakini chipu za ndani ni tofauti. Vingine Windows inavitambua papo hapo. Vingine vinataka programu yake iliyo kwenye CD, na laptopu nyingi siku hizi hazina pa kuweka CD. Dukani mwambie muuzaji akichomeke kwenye kompyuta yake kwanza, ukione kimekubali, ndipo utoe hela.

Programu ya kurekodia ni OBS Studio. Ni ya bure, ipakue kwenye tovuti yao, obsproject.com, usiitafute kwenye tovuti za mitaani. Ukiifungua, chini kuna kisanduku kimeandikwa Sources. Bofya alama ya kujumlisha, chagua Video Capture Device, kisha chagua EasyCap yako kwenye orodha. Picha ikija bila rangi au ikiwa inapanda na kushuka, mfumo wa rangi umekaa kwenye NTSC. Huku kwetu ni PAL, kwa hiyo bofya Configure Video, kisha badilisha palipoandikwa Video Standard. Kagua pia menyu ya king'amuzi, kitoe PAL na umbo la 16:9.

Kwenye Settings, upande wa Video, weka 1024x576 kote kuwili, na kasi chagua 50 PAL. Rudi kwenye picha, ibofye, bonyeza Ctrl na S ijae kioo chote. Sasa tazama mchezaji akikimbia: unaona vimistari kama meno ya kitana pembeni mwake? Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya chanzo, yaani ile EasyCap kwenye Sources, nenda Deinterlacing, chagua Yadif 2x. Vimeondoka. Usiiruke hatua hii, hasa kwa mpira.

Sauti ndiyo inayowaliza watu. Saa mbili umerekodi, unafungua faili, kimya. Fungua tena sifa za chanzo, yaani Properties, shuka chini kabisa, weka tiki kwenye Use custom audio device, kisha chagua sauti ya EasyCap. Mara nyingi imejificha kwa jina la maikrofoni ya USB. Angalia hii mistari ya rangi pale chini: kipindi kikiongea, lazima icheze, na vilele vyake vifike kwenye njano bila kukaa kwenye nyekundu. Halafu zima Mic/Aux na Desktop Audio. Ukiziacha, utarekodi fainali pamoja na mabishano ya sebuleni na milio ya WhatsApp. Usishangae pia usiposikia chochote kwenye spika za laptopu. OBS hairudishi sauti ya chanzo kwako mpaka uiambie. Mistari ikicheza, sauti inaingia.

Tuje kwenye aina ya faili, na hili nalisema kwa ajili ya Tanesco na wenzake. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida na kompyuta ikazimika katikati, faili lote linaweza kukataa kufunguka. Ukirekodi kwa MKV, unabaki na kila kilichoingia mpaka sekunde umeme ulipokatika. Nenda Settings, Output, Recording Format, weka MKV. Ukimaliza na ukataka MP4 ya kuweka kwenye simu, kuna Remux Recordings kwenye menyu ya File. Inabadilisha kwa muda mfupi na ubora haushuki. Laptopu yenye betri nzuri haizimiki, lakini king'amuzi kitazimika, kwa hiyo mwenye UPS ndogo aiweke kwenye king'amuzi.

Nafasi: kwa kilobiti 2500 kwa sekunde, yaani 2500 Kbps, saa moja inakula takriban GB 1.1. Ukihifadhi kwenye diski ya nje, hakikisha haiko kwenye mfumo wa FAT32, kwa sababu huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. NTFS au exFAT.

Bonyeza Start Recording. Basi.

Na kama kipindi kinaanza saa nane usiku? Kwenye OBS, menyu ya Tools, kuna Output Timer: weka muda wa kurekodi, tuseme saa mbili kamili za kipindi, weka tiki ya kuitumia kila rekodi inapoanza, nayo itakata yenyewe. Kuanzisha, tumia Task Scheduler ya Windows. Kwenye kazi mpya elekeza obs64.exe, na kwenye kisanduku cha arguments andika --startrecording. Kile kisanduku cha Start in usikiache wazi, andika folda ambamo obs64.exe imo, kwa kawaida C:\Program Files\obs-studio\bin\64bit. Ukikiacha wazi OBS italalamika kwamba haioni faili la lugha na haitafunguka. Zima usingizi wa kompyuta kwenye mipangilio ya umeme. Na kwenye king'amuzi tafuta ile mipangilio ya kujizima baada ya saa kadhaa bila rimoti kuguswa, iondoe, kisha kiache kwenye chaneli unayoitaka au tumia kikumbusho chake kama kinabadilisha chaneli chenyewe.

Neno moja kuhusu haki. Rekodi iwe ya kutazama nyumbani kwako, na soma masharti ya kampuni unayoilipa. Kupandisha mechi YouTube au kuchoma DVD ukauza ni kuvunja hakimiliki, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo.

Wakati wa masika, mvua kubwa ikipiga, picha ya Ku, yaani yale mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, itakwama na rekodi itakwama nayo. EasyCap haina kosa hapo, angalia kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi na umwite fundi akaze dishi siku ya jua. Anza na taarifa ya habari, dakika kumi, ufungue faili kwenye VLC, usikilize mwanzo na mwisho kama midomo na sauti vinakwenda pamoja. Sauti ikitangulia midomo, bofya kile kigia cha sauti ndani ya OBS, ingia Advanced Audio Properties, na kwenye Sync Offset ongeza milisekunde 50, 50, mpaka vikae sawa.