Ufunguo wa Kabati

(Mazungumzo na viongozi wapya wa chama cha wanafunzi wa famasi, Upanga, Dar es Salaam)

Mwalimu mlezi, shikamoo. Viongozi mnaotoka na mnaoingia, habari za jioni.

Siku niliyochaguliwa mwenyekiti wa chama hiki nilikabidhiwa ufunguo mmoja wa kabati. Ndani nilikuta fulana kumi na moja, zote saizi ndogo, bango lililotafunwa na panya, na daftari la michango lenye majina bila tarehe. Hela zilikuwepo, ila benki. Watia saini wote wawili walikuwa wameshahitimu: mmoja yuko tarajali Kigoma, mwingine hapokei simu. Tulikaa miezi mitano tukichangishana nauli ya daladala.

Shahada yetu ni miaka minne. Mwaka wa kwanza bado unatafuta maabara iko wapi, wa nne una utafiti wako. Kwa hiyo chama kinabebwa na watu wa mwaka wa pili na wa tatu, na kila mwaka nusu yao wanaondoka. Angalau mtia saini mmoja asiwe wa mwaka wa tatu. Na barua ya kubadilisha majina benki iandikwe wiki ya uchaguzi, wakati watia saini wa zamani bado wako hosteli.

Kuna jambo la kalenda pia. Siku ya Wafamasia Duniani ni 25 Septemba, tarehe ambayo shirikisho la kimataifa la wafamasia, FIP, liliundwa The Hague mwaka 1912. Sisi Septemba tuko likizo, kila mtu kwao. Mkipanga shughuli kubwa siku hiyo mtakuwa watano na mgeni rasmi. Wiki ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, 18 hadi 24 Novemba, inawafaa zaidi: mwaka wa kwanza wameshafika na bado wana hamu ya kila kitu.

Kuhusu makongamano ya ukumbini sitasema mengi. Maji ya chupa huwa mengi kuliko maswali. Kikao kilichojaza watu kuliko vyote tulikifanya na bika, kile chombo cha kioo cha maabara, ya maji yenye joto la nyuzi 37, vidonge vya parasetamo vya viwanda vitatu, na saa ya simu. Kidonge kisichopakwa ganda kinatakiwa kisambaratike ndani ya dakika 15. Vijana walisimama juu ya viti kuona. Bika tu haikuwa kipimo halali, kwa hiyo hatukumhukumu mtu, lakini ubishi ulioanza pale kuhusu viunganishi na wanga, vitu vinavyochanganywa na dawa kutengeneza kidonge, uliendelea mpaka kituoni. Gharama yake haikufika elfu kumi.

Leo msitawanyike kabla hamjafungua kabati pamoja, mkahesabu, mkaandika, mkasaini. Nasikia mwaka ule baada yangu walivunja kufuli. Samahanini. Ufunguo huu hapa; nimeukuta kwenye funguo zangu za nyumbani.