Kumi na tatu ya nani? Maongezi ya Ngomeni, Lamu

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili mpate kukimbia. Nawaona. (kicheko) Haya ninayokuja kusema mshayasikia, nimeyasema barazani, nimeyasema kwenye boti, na kuna arusi moja nilinyang'anywa maiki nikiwa katikati ya maneno. Leo nimepewa maiki na watu wenye akili zao, bas mnivumilie.

Sitaeleza Bodi ya Kuainisha Filamu hapa Kenya ni nini, mnaijua, GE ni ya wote, PG mzazi aangalie, kisha 16, kisha 18, sheria yake Sura ya 222 iliandikwa kabla hatujapata uhuru, imekwisha hiyo. Mimi nataka kuzungumza juu ya ile nambari yenyewe, ile ya umri inayoandikwa kwenye filamu. Nambari husafiri. Inatoka Marekani, inapanda kwenye kaseti, sa hizi inapanda kwenye simu, inafika mtaani kwetu Langoni, na sisi tunaipokea kama mgeni aliyekuja na barua ya mkuu wa wilaya, hatumuulizi umetumwa na nani.

Wengi wenu mnakijua kibanda changu cha video, na wasiokijua wazazi wao wanakijua, tena baadhi ya hao wazazi wana deni langu la shilingi tano tano mpaka leo. Tivii moja, deki moja, jenereta linalokohoa kama mzee wa miaka tisini, na mabenchi ya boriti. Mlangoni nilikuwa na fimbo. Nimeitia alama kwa kisu, ukisimama kichwa kikipita alama unaingia picha ya usiku, kisipopita nenda kwenu ukadurusu juzuu yako. Mnacheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa bodi ya kuainisha filamu ya mtaa mzima! Na ilikuwa na ila zake, manake kulikuwa na kijana wa miaka kumi na saba mfupi mpaka leo, maskini hakuona picha ya usiku hata moja, na mwengine wa miaka kumi na moja mrefu kama mlingoti wa jahazi, huyo aliona zote.

Sasa ikaja kaseti kutoka Mombasa, Indiana Jones and the Temple of Doom, ya 1984. Juu ya gamba imeandikwa PG. Na sisi PG tulikuwa tukiisoma Picha ya Genge, yaani kuna kupigana, raha tupu. (kicheko) Nikaweka fimbo chini siku hiyo. Nikasema waingie wote, wakaingia mpaka watoto wa kubebwa.

Wanaoijua wanajua naenda wapi. Kuna pahali kuhani anatia mkono kifuani mwa mtu, mkono mtupu bila kisu, anachomoa moyo, na moyo unadunda kwenye kiganja, na mwenye moyo yuko hai anautazama. Kisha anateremshwa motoni. Wallahi kibanda kilinyamaza, jenereta peke yake ndilo lililoendelea kusema. Halafu nikasikia kitu chini ya benchi. Mtoto. Kaingia chini ya benchi la mbele, kajikunja, hatoki. Nikampa kashata, hatoki. Nikazima tivii, watu wakaanza kupiga makelele wanataka pesa zao, yeye hatoki! Mpaka akaja mamake na buibui kalivaa upande, na maneno niliyoambiwa usiku ule hakuna bodi duniani ingeyapa PG.

Mimi miaka yote hiyo nilijua kosa ni langu. Bas nikaja nikasoma baadaye, kumbe kule Marekani kwenyewe wazazi walichemka vile vile. Hiyo picha na nyengine ya mwaka huo huo, Gremlins, zote zilipewa PG, watoto wakalia kwenye sinema, na Spielberg mwenyewe, aliyeongoza hiyo ya moyo, akamwendea Jack Valenti, bwana mkubwa wa chama cha wenye studio, akamwambia baina ya PG na R, ile ambayo mtoto haingii bila mkubwa, pana shimo kubwa sana, tieni kitu pale. Julai 1984 wakatia PG-13, yaani mzazi ajihadhari na wa chini ya miaka kumi na tatu. Kwa hivyo ile kumi na tatu mnayoiona kwenye simu zenu haikushuka kutoka kwa madaktari wa watoto, ilitokana na moyo ule ule uliomtia mtu chini ya benchi langu.

Ngoja, sijamaliza na moyo. Uingereza hawakungoja nambari mpya, walichukua mkasi, wakapunguza ukatili ndio wakaipa PG yao, kwa hivyo mtoto wa London na mtoto wa Chicago wote wameona PG ila hawakuona picha moja. Mkato ule ulikaa miaka, mpaka 2012 ndio ikapitishwa nzima kwa daraja la 12. Na India je? India walikataa isipigwe kwao tangu mwanzo, ikaenda kupigwa Sri Lanka, na ilipotoka wakaipiga marufuku kwa muda. Kwa sababu ya moyo? Hasha! Walikasirika namna Wahindi walivyooneshwa, watu wa kula nyoka na ubongo wa nyani mezani kwa mfalme, na mungu wao kufanywa shetani. Mmarekani anaona damu, Muingereza anaona pa kukata, Mhindi anaona ametukanwa. Kaseti ni moja. Na mimi Langoni nina fimbo.

Yule mtoto sasa ni nahodha, anavuka mlango wa bahari Kusi limechacha bila kutetemeka, na yupo humu ndani. Simtaji. Yeye mwenyewe anajijua, anatazama viatu vyake. (kicheko kirefu)

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, Maalim, hayo ya Wamarekani yatuhusu nini, sisi ni Waislamu tuna mizani yetu. Swadakta. Lakini mizani hiyo umeiandika wapi? Saudia walikaa zaidi ya miaka 35 bila sinema, walipofungua 2018 hawakusema kila mtu apime kwa imani yake, waliandika madaraja, hii ya wote, hii ya 12, hii ya 15, hii ya 18. Na kule Dubai waliko vijana wetu, Disemba 2021 waliongeza daraja la 21. Ishirini na moja! Kuna mtu hapa kaoa na ana watoto wawili na hajafika ishirini na moja. Ataachwa nje yeye na mkewe?

Haya, na wale wanaosema dawa ni kufungia tu. The Wolf of Wall Street ilipigwa marufuku hapa Kenya Januari 2014. Mimi sikuwa hata nimeisikia. Wiki ile kijana wa diski akanifuata mpaka kwangu, "Maalim, ile iliyokatazwa ninayo." Hakunambia jina, wala ina nini, wala nani kacheza. Ile iliyokatazwa, hilo ndilo jina la biashara.

Niwape mfano mwengine manake huu nao naupenda. The King's Speech, 2010, mfalme wa Uingereza ana kigugumizi. Picha ya heshima, ya kuangalia na nyanya yako. Ila mwalimu wake wa kusema anamfundisha atukane ili ulimi ulegee, anatukana mara kadhaa kwa mpigo, hamtukani mtu, anatukana hewa. Marekani wana hesabu yao, lile tusi kubwa ukilisema mara moja aghalabu utabaki kwenye PG-13, ukizidisha ni R, wa chini ya miaka 17 haingii bila mkubwa. Wakahesabu, R. Uingereza walianza na 15, wenye picha wakakata rufaa, bodi ikatazama tena ikasema haya matusi ni ya matibabu, ikashusha 12A, hata wa miaka minane anaingia akiwa na mkubwa. Mmoja alihesabu maneno, mwengine aliuliza maneno yanafanya nini mle ndani. Na picha za Marekani ambazo watu wanapigwa risasi kama inzi mwanzo mpaka mwisho bila damu kuonekana, zapata PG-13. Mimi nina wajukuu. Nipe mfalme anayetukana hewa.

Bi mmoja pale mbele ameinua mkono. Sema mamangu. ... Anauliza, kwani wanaotoa hizo nambari ni serikali? Suali zuri, hilo lilikuwa la baadaye ila tulijibu sasa. Marekani si serikali wala si sheria, ni chama cha wenye studio wenyewe, na wanaotazama na kupiga kura ni wazazi waliowaajiri, majina yao kwa kawaida hayatangazwi. Uingereza bodi ipo tangu 1912, nayo si ya serikali, lakini nguvu ya kisheria kwenye sinema iko kwa halmashauri za mitaa, halmashauri inaweza kupindua uamuzi wa bodi, ndio 1979 Life of Brian, picha ya mzaha juu ya dini, ilioneshwa mji huu na kukatazwa mji wa pili, mtu akapanda basi akaenda kuitazama. Ufaransa waziri wa utamaduni ndiye anayetoa ruhusa. Sisi hapa ni bodi ya serikali. China hakuna madaraja kabisa, ama imefaa kwa mtoto na babu yake sawasawa ama haioneshwi. Umeridhika mamangu? Ahsante.

Sasa hili ndilo nililokuja nalo, na saa naiona inakimbia, ule moyo ndio uliokula wakati.

Waholanzi. Tangu 2001 wana kitu chao kinaitwa Kijkwijzer, msijaribu kulitamka mtang'ata ulimi. Umri wanao kama wengine, lakini pembeni mwa umri wanatia vichoro. Ngumi, maana yake mna ukatili. Miguu, jozi mbili za miguu, hiyo wakubwa mshaielewa, vijana tazameni mbele. (kicheko) Sindano ni ulevi. Mtu anayefoka ni matusi. Kuna cha ubaguzi. Na cha kutisha ni picha ya buibui. Si buibui hilo mlilovaa mama zangu! Buibui mdudu! (kicheko, makofi) Ingawa mimi usiku ule wa kaseti, lililonitisha lilikuwa mtu mzima ndani ya buibui.

Mmeona uzuri wake? Bibi asiyejua kusoma anaona ngumi na buibui, anajua. Na yeye ndiye anayemjua mtoto wake, huyu wa kwangu ngumi si kitu kwake lakini buibui halali usiku, yule wa jirani kinyume chake. Umri utakwambia kumi na mbili, bas, umenyamaza, na kumi na mbili ya mlingoti wa jahazi si kumi na mbili ya yule mfupi wangu. Na wanaojaza ile fomu ni watu wa kampuni za filamu wenyewe waliofunzwa, wanajibu masuali yaliyopangwa, wakidanganya mwananchi ana pa kushtaki. Utasema watajipendelea. Huenda. Lakini swali kama "kuna damu inaonekana?" ni gumu kulizungusha kuliko swali la "hii inafaa umri gani?"

Nilikuwa na ya Wajerumani na rangi zao, nyeupe, manjano, kijani, buluu, nyekundu, na picha ya 12 kule wa miaka 6 anaingia na mzazi wake, nilitaka kukaa hapo kidogo lakini basi. Sweden, E.T. mwaka 1982 walizuia wa chini ya miaka 11, ile picha ya kijitu cha shingo ndefu ambayo nusu ya dunia waliipeleka watoto wadogo! Na hao hao 2011 wakaacha kabisa kuwakatia wakubwa filamu, daraja lao la juu ni 15. India nyinyi wapenzi wa picha za Kihindi mtaona ile UA imegawanywa, 7, 13 na 16, zisomeni, msizirushe kama mnavyoirusha ile ilani ya sigara. Ya simu sitayafikia. Muadhini ananitazama.

Kwa hivyo nyinyi wenye vibanda vya mpira, mnaoonesha filamu siku hakuna mechi, nawajua wote kwa majina na kwa baba zenu. Ule ubao mnaoandikia Arsenal na Chelsea, pembeni mwa jina la filamu chora. Ngumi. Buibui. Chaki ni shilingi ngapi? Na uitazame kwanza wewe mwenyewe, usifanye kama mimi kuamini gamba. Nimechora karatasi zenye vile vichoro sita, miguu nimeiacha ya Waholanzi kwa sababu sikupata kitu cha heshima zaidi, ziko hapa mezani, ni ishirini tu, watakaokosa wapige picha kwa simu. Nahodha, chukua ya kwako kwanza, una binti sasa. Na shilingi tano ya usiku ule sikurudishii, manake ulikaa mpaka mwisho, ingawa ilikuwa chini ya benchi.

Haya, adhana hiyo. Viti virudisheni ukutani.